Kulinganisha kemikali za ganoderma, hatua kwa hatua

Mtu akija na kichwa cha ganoderma mkononi, swali lake la kwanza huwa lilelile: "Hii ina dawa kuliko ile ya Wachina?" Uyoga wenyewe umekauka hadi umekuwa mgumu kama kipande cha ubao, juu unang'aa kama fanicha iliyotoka kupakwa vanishi, na ukiugonga kwa ukucha unalia. Swali ni zuri, ila haliwezi kujibiwa kabla ya kujibu jingine: hii ni ganoderma ipi? Ganoderma ni ukoo, si uyoga mmoja. Ndani ya ukoo huo wapo ndugu wanaofanana sura kiasi cha kuwachanganya hata wataalamu, lakini ukiwatia kwenye kiyeyusho na kuwapima, kila mmoja anatoa hadithi yake.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mwanafunzi anayeanza utafiti, mfamasia, au mkulima wa uyoga aliye karibu na maabara ya chuo. Watu wanauza na kununua unga huu kwa fedha nyingi, na baadhi ya wanunuzi ni wagonjwa. Kwa hiyo ni lazima tupime vizuri. Hatua nyingi zinahitaji mizani, bafu la maji moto na spektrofotometa (mashine ya kupima ukali wa rangi ya myeyusho) tu. Moja, ile ya HPLC, mashine inayotenganisha kemikali moja moja, itakupeleka kwenye maabara kubwa.

Kwanza, wajue ndugu wenyewe

Mwaka 1781 Mwingereza William Curtis aliandika habari za uyoga unaong'aa uliopatikana London, akauita Boletus lucidus. Miaka 100 baadaye, 1881, Petter Adolf Karsten wa Finland akauundia jenasi yake, yaani ukoo wake, Ganoderma. Tangu hapo jina la lucidum likasafiri kuliko uyoga wenyewe. Kila ganoderma nyekundu yenye kung'aa, iwe imeota China, India au Afrika, ilibandikwa jina hilohilo. Mwaka 2012 Cao, Wu na Dai walionyesha, kwa maumbile na kwa vinasaba, kwamba lingzhi, yaani ganoderma ya dawa inayolimwa China, si ile ya Ulaya, wakaiita Ganoderma lingzhi. Wapo wanaoshikilia kwamba jina lake halali ni Ganoderma sichuanense, lililotolewa 1983. Ugomvi wa majina tuwaachie wenyewe. Wewe mpimaji shika jambo moja: makala nyingi za zamani kutoka Asia Mashariki zinazosema "G. lucidum" zilikuwa zinapima lingzhi. Ukichukua takwimu zake ukazilinganisha na lucidum ya kweli ya Ulaya ukidhani ni spishi moja, umeshapotea kabla hujaanza.

Mbali na hao wawili, utakutana na G. sinense, ya zambarau inayokaribia nyeusi. Famakopia ya China, kitabu rasmi cha dawa cha nchi hiyo, inaikubali pamoja na ile nyekundu kama dawa moja yenye jina moja, lingzhi, na huo ndio ulinganisho ninaoupenda kuliko yote, nitaurudia. Ipo G. tsugae, inayoota kwenye hemloki, miti ya jamii ya misonobari, huko Amerika Kaskazini. Ipo G. resinaceum. Halafu ipo G. applanatum, ambayo haing'ai kabisa, pana kama sinia, inayoongeza tabaka mwaka hadi mwaka. Hii unaweza kuitambua kwa kidole: upande wake wa chini ni mweupe, na ukiukwaruza kwa ukucha, mstari wa kahawia unatokea palepale na haufutiki. Watu huchora picha juu yake.

Kwetu Afrika Mashariki ganoderma tunaziona kwenye visiki na chini ya mashina ya miti iliyoanza kuoza. Nyingine hutufikia zikiwa ndani ya vidonge na pakiti za kahawa. Tafadhali usimwite yeyote kati ya hizo lucidum kwa sababu tu anang'aa.

Hatua ya 1: Kukusanya

Tafuta vichwa 5 vya kila spishi, na visipungue 3. Vitoke kwenye miti tofauti, au kwa mkulima vitoke kwenye mifuko tofauti ya mavuno tofauti. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza: wanachukua kichwa kimoja, wanakipima mara 3, wanaandika "n = 3", yaani sampuli tatu. Hiyo ni kupima ustadi wa mkono wako. Ukitaka kusema lolote juu ya spishi, lazima uwe na uyoga zaidi ya mmoja wa spishi hiyo.

Umri nao ulingane. Ganoderma changa ina ukingo mweupe au wa njano unaoendelea kukua. Ikikomaa, ukingo huo unapata rangi ya kofia nzima na spora zinaanza kushuka. Utaziona zimetanda juu ya kofia kama vumbi la kakao, na ukipitisha kidole unabaki na alama. Chagua hali moja, ama zote changa ama zote zimekomaa, ukae nayo hadi mwisho.

Kwa kila kichwa andika tarehe, mahali, aina ya mti au aina ya pumba na maranda yaliyotumika kwenye mfuko, na upige picha tatu: juu, chini, na sehemu iliyokatwa. Kipe namba. Namba hiyo ndiyo itakayotembea na uyoga huo hadi kwenye mchoro wa mwisho.

Hatua ya 2: Kuthibitisha jina

Kata kipande kidogo kama punje ya mchele kutoka ndani ya nyama ya uyoga. Usichukue juu, maana juu kuna ukungu mwingine na mikono ya watu. Hicho ndicho cha vinasaba. Eneo linalosomwa ni ITS, ambalo mwaka 2012 lilikubaliwa kuwa msimbo wa kutambulia kuvu duniani. Vianzishi vya kawaida (vipande vifupi vya vinasaba vinavyoanzisha kunakili eneo hilo) ni ITS1F na ITS4, na utapata mfuatano wa herufi zipatazo 600. Maabara nyingi hutuma kazi ya kusoma mfuatano kwingine. Ikiwa sampuli zako zinavuka mpaka, tafuta kibali mapema, mashine za watu hazisubiri.

Ukiupata mfuatano, utaulinganisha na iliyoko kwenye hifadhidata ya GenBank. Uwe na macho makali hapo. Ile iliyowekwa chini ya jina "lucidum" ni mingi, na mingi kati yake imekosewa jina kwa sababu niliyoieleza. Usiridhike na jina la kwanza linalotokea juu ya orodha. Tafuta mifuatano iliyotoka kwenye sampuli halisi za wale waliozipa spishi majina, halafu chora mti wa nasaba uone yako imekaa tawi gani. ITS peke yake ikishindwa kuwatenga ndugu wa karibu, ongeza jeni za tef1 na rpb2.

Je, kama huna fedha ya vinasaba? Endelea na kazi, lakini andika "Ganoderma, namba 3", basi. Jina la kubahatisha ni baya kuliko kukosa jina, kwa sababu atakayekuja baada yako ataliamini.

Hatua ya 3: Kukausha na kusaga

Hatua hii inaonekana ndogo, na ndiyo iliyoniangusha. Katika kazi yangu ya kwanza nililinganisha spishi mbili. Moja niliipata kwa mkulima aliyekwisha kuikata vipande na kuikausha kwenye oveni. Nyingine niliikausha mwenyewe juu ya bati wakati wa masika, ikachukua siku kadhaa, jioni naiingiza ndani, asubuhi naitoa tena. Vilele kwenye michoro ya HPLC vilitofautiana sana, nikafurahi, nikaandika ripoti. Msimamizi wangu aliuliza swali moja tu: "Zilikaushwa namna gani?" Nilirudia kazi yote, safari hii zote mbili kwenye oveni moja, na sehemu kubwa ya ile tofauti ikayeyuka. Nilikuwa nimelinganisha bati na oveni.

Basi fanya hivi. Kata uyoga ungali mbichi, vipande vya unene wa milimita 5. Ukingoja ukauke utahitaji msumeno. Tenga kofia na kikonyo kuanzia hapa na usivichanganye tena: tritepeni, kemikali chungu za ganoderma, hazigawanyiki sawa mwilini mwa uyoga, na kwa kawaida kofia inazo nyingi kuliko kikonyo. Ukisaga kofia za spishi moja na vikonyo vya nyingine, jibu utakalopata halina maana. Spora nazo zina mafuta mengi na kemia yake, kwa hiyo zipigie brashi ziondoke au zitenge. Kausha kwa nyuzi 50 za selisiasi hadi uzito usibadilike.

Kwenye kusaga, jiandae kushangaa. Ganoderma haiwi unga kama mahindi. Inakuwa manyoya, mepesi na ya kahawia, kama sufi ya kwenye mito ya zamani. Blenda inapata moto haraka, kwa hiyo saga kwa sekunde 30, pumzisha, saga tena. Pitisha kwenye chekeche moja kwa sampuli zote, kwa maana unga laini hutoa kemikali upesi kuliko wa chengachenga. Hifadhi kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana, gizani.

Kisha pima unyevu: gramu 1 kwenye nyuzi 105 hadi uzito utulie. Majibu yako yote ya baadaye yahesabiwe kwa uzito mkavu. Famakopia ya China inaruhusu unyevu hadi 17%. Fikiria sampuli moja ina 17% na mwenzake 8%: usiporekebisha, ya kwanza itaonekana pungufu kwa takriban sehemu 1 ya 10 kwa sababu ya maji tu.

Hatua ya 4: Majaribio mawili ya haraka

La kwanza ni la ayodini, na linafaa zaidi kwa bidhaa za dukani. Baadhi ya unga unaouzwa kama reishi (jina la Kijapani la lingzhi) si kofia za uyoga. Ni nyuzi zake zilizooteshwa kwenye nafaka, kisha nafaka na nyuzi vikasagwa pamoja. Nafaka ina wanga, na kofia ya ganoderma haina. Chemsha kijiko kidogo cha unga kwenye maji, acha yapoe kabisa, chuja, kisha yapunguze makali kwa maji hadi yawe ya rangi ya chai nyepesi, kwa sababu rangi ya ganoderma nzito inaficha kila kitu. Dondosha matone mawili ya tincha ya ayodini ya duka la dawa. Rangi ikibaki ya njano ya ayodini au hudhurungi, hakuna wanga wa kutisha. Ikigeuka bluu inayokaribia weusi, umeshika nafaka. Usifanye jaribio hili kwa kahawa ya pakiti iliyochanganywa na viungo vingine: huwezi kujua wanga umetoka wapi.

La pili ni kromatografia ya bamba, TLC, na kwa bei yake sijaona kipimo kinachofundisha zaidi. Chemsha gramu 2 za unga kwenye mililita 30 za ethanoli, kwa kipozeo (neli ya baridi inayorudisha mvuke chomboni), dakika 30. Chuja, kausha, yeyusha kilichobaki kwenye mililita 2 za methanoli. Dondosha mikrolita 4 za kila sampuli kwenye bamba moja la silika, ukiweka pembeni standadi (kemikali safi inayojulikana, ya kulinganishia) au unga wa uyoga unaoujua kwa hakika. Kiyeyusho cha kupandisha ni mchanganyiko wa petroli etha (ya kuchemka kati ya nyuzi 60 na 90), ethili fometi na asidi fomiki kwa uwiano wa 15:5:1. Utikise, uache ujitenge, utumie tabaka la juu. Likishakauka, liangalie bamba gizani chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 365. Madoa yatawaka kwa safu, na hapo hata macho yasiyo na uzoefu yataona kwamba ndugu wawili hawana safu moja. Piga picha hapohapo, maana madoa hufifia.

Hatua ya 5: Polisakaridi

Hizi ni sukari ndefu zinazotoka kwenye maji ya moto, ndizo nyingi katika chai ya ganoderma. Chemsha gramu 2 za unga kwenye mililita 60 za maji kwa kipozeo saa 4. Chuja, rudia na maji mengine mililita 60 kwa saa 3, uunganishe. Punguza maji hadi mililita chache, ongeza ethanoli mara 4 ya ujazo huo, weka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utakuta utando mzito umetulia chini, wa kahawia, unaonata kama bamia. Uzungushe kwenye sentrifyuji, uyeyushe kwa maji, ndipo upime.

Kupima: mililita 1 ya myeyusho wako, mililita 1 ya fenoli ya 5%, kisha mililita 5 za asidi salfuriki kali, iingie haraka ili joto lake lifanye kazi. Rangi ya machungwa itatokea. Isome kwenye nanomita 490 dhidi ya mstari wa standadi wa glukosi. Vaa miwani na glavu, kwa kuwa fenoli inaunguza ngozi huku ikiitia ganzi, na mtu anaweza kuungua bila kujua.

Kipimo hiki kinasoma sukari yoyote. Wanga wa nafaka nao utahesabiwa kama polisakaridi, na ndiyo maana bidhaa mbovu zaweza kuwa na namba nzuri mno kwenye lebo. Ukitaka betaglukani zenyewe, yaani sukari ndefu za uyoga wenyewe, tumia seti ya vimeng'enya: inapima glukani zote, inapima alfa (aina ambayo wanga ni mojawapo) peke yake, na unatoa. Alfa ikiwa kubwa, rudi kwenye jibu la ayodini.

Usitegemee tofauti kubwa hapa. Lingzhi nyekundu na sinense ya zambarau zinakaribiana kwenye polisakaridi, na vipimo vya kawaida vya sukari vinaziona kama pacha.

Hatua ya 6: Tritepeni kwa jumla, na mtego wake

Sasa tunafika penye uhondo. Uchungu wa ganoderma unatokana na tritepeni za aina ya lanosteni. Mwaka 1982 Kubota na wenzake, Japani, walitoa miundo ya mbili za kwanza, asidi ganoderiki A na B, na tangu hapo zimefika zaidi ya 150. Haziyeyuki vizuri kwenye maji, hivyo tumia methanoli au ethanoli.

Kipimo cha jumla ni hiki. Kausha kiasi kidogo cha dondoo kwenye neli, ongeza mililita 0.2 za vanilini ya 5% katika asidi asetiki kavu, kisha mililita 0.8 za asidi pekloriki. Weka kwenye maji ya nyuzi 70 kwa dakika 15, poza kwenye barafu dakika 5, ongeza mililita 4 za ethili asetati, soma kwenye nanomita 546. Standadi huwa asidi oleanoliki. Asidi pekloriki si ya kuchezea. Ikikauka pamoja na uchafu wa kikaboni inaweza kulipuka, kwa hiyo fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta moshi lililotengwa kwa asidi hiyo, usiiache ikauke, na mabaki yake usiyamwage pamoja na ya viyeyusho. Kama maabara yako haina kabati hilo, ruka hatua hii. Hatua ya 7 itakupa jibu bora zaidi hata hivyo.

Mtego ni huu. Rangi ya vanilini haichagui tritepeni peke yake. Steroli nazo zinaitoa, na kila uyoga una ergosteroli. Famakopia ya China imekuwa mkweli kwa kuliita tarakimu hilo "tritepeni na steroli", ikitaka lisipungue 0.50%, na polisakaridi zisipungue 0.90%. Lakini wengi wakinakili wanaacha neno "steroli". Matokeo yake sinense inaonekana ina tritepeni za kutosha. Ukiipitisha kwenye HPLC, asidi ganoderiki zinazojaa kwenye lingzhi ni chache sana kwa sinense, nyingine hazionekani kabisa. Spishi mbili zinazobeba jina moja la dawa, katika kitabu kimoja cha dawa, zina kemia mbili. Kipimo cha jumla kingekuficha hilo maisha yako yote.

Hatua ya 7: HPLC

Pima unga gramu 1, ongeza mililita 20 za methanoli, weka kwenye bafu la mawimbi ya sauti kwa dakika 30. Chuja, rudia, unganisha, kausha, yeyusha kwenye mililita 2 za methanoli, pitisha kwenye chujio la mikromita 0.45. Safu, yaani neli inayotenganisha kemikali, ni ya C18, milimita 250 kwa 4.6. Viyeyusho ni asetonitrili na maji yenye asidi fomiki 0.1%. Anza na asetonitrili takriban 25%, panda polepole hadi 50% na zaidi kwa muda wa saa nzima, mtiririko wa mililita 1 kwa dakika. Usiwe na haraka: asidi hizi zinafanana kama mapacha na zinatoka zimeshikana mikono, kwa hiyo kupandisha asetonitrili upesi kutaziunganisha zikawa kilele kimoja.

Soma mawimbi mawili. Kwenye nanomita 252 hadi 254 utaziona asidi A, B, C2, D, G na wenzao, zenye kundi la ketoni karibu na kifungo maradufu. Kwenye 243 utaziona zile zenye vifungo maradufu viwili vilivyoongozana, kama asidi ganoderiki T na ganodermanontrioli. Anayesoma wimbi moja tu anaipunja spishi yenye kundi la pili, kisha anasema haina kitu.

Standadi ni ghali. Nunua asidi A kwanza, kisha D na nyingine kadiri mfuko unavyoruhusu. Kilele usichokuwa na standadi yake kiite kwa dakika yake, "kilele cha dakika 31", usikipe jina la asidi kwa sababu tu makala fulani ilikuwa na kilele karibu na hapo. Safu ya mwenzako si yako.

Kazi ya namna hii inalipa. Mwaka 2016 Hennicke na wenzake waliweka lucidum ya Ulaya na lingzhi ya Asia bega kwa bega, wakatumia maumbile, vinasaba na tritepeni, wakaonyesha zinatenganishika kwa zote tatu. G. applanatum nayo ina wasifu wake, ikiwemo kundi la asidi aplanoksidiki lililopewa jina kutokana nayo. Ukipata ganoderma ya kwetu isiyofanana na yeyote kati ya hao, usione umekosea. Tropiki ina spishi nyingi ambazo kemia yake haijaandikwa vya kutosha.

Hatua ya 8: Kusoma ulichopata

Panga michoro yote kwenye karatasi moja, kipimo cha wima kikiwa kimoja. Angalia mambo kwa mpangilio: vilele gani vipo kwa vichwa vyote vya spishi moja, vipi vipo kwa ndugu mmoja tu, ndipo uangalie kiasi. Kilele kinachopatikana kwa kichwa 1 kati ya 5 huenda ni habari ya mti ule, au ya ukungu. Ukiwa na vilele vingi, uchanganuzi wa viambajengo vikuu (PCA), hesabu ya takwimu ya kompyuta, utakusanya sampuli kwenye makundi. Zikijipanga kwa spishi, vizuri. Zikijipanga kwa tarehe uliyokausha, rudi Hatua ya 3.

Ukipima bidhaa za dukani, zote zipitie njia hiihii. Marekani mwaka 2017 watafiti walichunguza nyongeza 19 za reishi wakilinganisha tritepeni na polisakaridi zake na uyoga halisi: 5 tu ndizo zilizolingana na lebo. Mwaka uliofuata kundi jingine lilisoma vinasaba vya bidhaa za reishi, na takriban 93% ya zile za viwandani zilikuwa lingzhi, ingawa lebo nyingi zilisema lucidum.

Na mgonjwa akikuuliza, umjibu kwa uaminifu. Wingi wa asidi A si kipimo cha kupona. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, ya 2012 na yaliyohuishwa 2016, hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuitumia ganoderma kama tiba ya kwanza ya saratani. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda azungumze na daktari wake kabla ya kugusa dondoo hizi, maana zinaweza kugusa ugandaji wa damu.

Kwenye ripoti, andika sentensi ambayo mtu mwingine anaweza kuirudia kwa mikono yake: kofia zilizokomaa, vichwa 5, spishi hii kwa ITS, zimekaushwa kwa nyuzi 50, asidi ganoderiki A miligramu kadhaa kwa gramu ya uzito mkavu, na umbali kati ya kichwa chenye kidogo na chenye kingi. Weka gramu 20 za kila unga kwenye chupa ya giza, na kipande kizima kisichosagwa kwenye bahasha ya karatasi, vyote vikiwa na namba ileile uliyoandika siku ya kwanza chini ya mti. Jina la spishi likibadilishwa tena, na kwa ganoderma litabadilishwa, utafungua bahasha hiyo.